Le Ségala hakuna pampu, jamani

Swali ni lilelile kila msimu: pampu za kupandishia boti ziko wapi? Hazipo. Hazijawahi kuhitajika.

Le Ségala ni kijiji kidogo cha kusini mwa Ufaransa, kando ya Canal du Midi, kwenye kipande cha juu kabisa cha mfereji: kilomita 5 hivi, mita 189 juu ya bahari. Magharibi boti hushukia Toulouse, mashariki hushukia Mediterania. Maji nayo hukimbia pande zote mbili, kwa hiyo lazima yatoke mahali palipo juu zaidi. Riquet, mjenzi wa mfereji, akakinga vijito vya milima ya Montagne Noire, likajengwa bwawa la Saint-Ferréol (1667–1672), na mtaro ukayaleta hadi Naurouze, jirani na kijiji. Mteremko tu.

Boti huingia kwenye chumba chenye malango mbele na nyuma; huinuliwa na maji ya juu yanayofunguliwa kuingia humo, na hushushwa kwa kuyaachia yatoke chini. Piga hesabu: chumba cha mita za mraba 240, tofauti ya mita 2.5, ni mita za ujazo 600. Boti moja au tatu, ni zilezile. Na anayevuka kilele hukomba maji ya mpaka vyumba viwili, cha kupandia na cha kushukia. Mlinzi wa lango akikwambia usubiri wenzako, usimnunie.

Halafu lile umbo la yai la vyumba. Kila mtu hulisifu: ukuta uliopinda huhimili msukumo wa udongo kuliko ulionyooka. Kweli. Lakini tumbo lile humeza maji zaidi kwa boti ileile, na boti nyembamba huyumba humo bila ukuta wa kuegemea. Mimi sishawishiki kwamba faida ilizidi hasara.

Kamba sasa. Ukipanda, kaa nyuma, maji huingia kwa kishindo mbele. Zungusha kamba kwenye nguzo bila fundo, uvute inapolegea. Ukishuka, achia taratibu. Aliyefunga fundo huning'inia na boti yake, na dawa yake ni kisu. Tena ukishuka sogea mbele: chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe ambacho hukioni chumba kikiwa kimejaa. Usukani ukikikalia, tezi, yaani nyuma ya boti, hubaki juu huku omo, mbele yake, ikizama.