Selimundu: tiba ambayo haikuigusa jeni iliyoharibika

Mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa nayo, lakini miezi ya mwanzo hupita kimya. Ananyonya, analala, anaongezeka uzito kama watoto wengine. Vidole kuvimba, maumivu, upungufu wa damu: hayo kwa kawaida huanza kujitokeza karibu na umri wa nusu mwaka. Mwaka 1948 daktari wa watoto mjini New York, Janet Watson, alichunguza damu ya watoto wachanga na kuona kwamba chembe zao nyekundu hazijikunji kuwa mundu kwa wingi kama za mama zao. Akashuku kuwa kinachowalinda ni aina ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu: hemoglobini ya kijusi, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni.

Dawa ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa uhariri wa jeni wa CRISPR, yaani mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, iliyoidhinishwa Uingereza tarehe 16 Novemba 2023 na Marekani wiki chache baadaye, imejengwa juu ya shaka hiyo ya daktari Watson. Nasisitiza jambo hili kwa sababu karibu kila ninayezungumza naye kuhusu tiba hii anaamini kuwa wanasayansi walikwenda kwenye herufi iliyokosewa katika DNA wakaisahihisha. Hawakufanya hivyo. Mgonjwa aliyepona bado ana kosa lile lile alilozaliwa nalo, katika kila seli ya mwili wake.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa chaji ya umeme, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha tofauti ilipo: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi amino iitwayo glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Valini haipendi maji. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini ya molekuli moja hupata kishimo cha kujibana kwenye molekuli jirani, nayo jirani kwa nyingine, hadi nyuzi ndefu ngumu zinaijaza chembe na kuipinda.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana bila hatua hii mengine yote yataonekana kama miujiza. Nyuzi hizo hazijitokezi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri, na mwaka 1974 James Hofrichter na William Eaton pamoja na wenzao walipima kwamba muda huo unategemea ukolezi wa hemoglobini mbovu kwa kiwango cha kushangaza: kipeo cha karibu 30. Yaani ukipunguza ukolezi kidogo tu, muda wa kusubiri unarefuka mara nyingi sana. Chembe nyekundu inahitaji takriban sekunde moja kupenya kwenye mishipa midogo kabisa ya damu. Ikifika kwenye mshipa mkubwa kabla nyuzi hazijaanza, inarudi mapafuni, inachukua oksijeni, hatari imepita. Ikichelewa, inakwama humo humo, na tishu zilizo mbele yake zinakosa hewa. Ugonjwa mzima umo ndani ya sekunde hiyo.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuiondoa hemoglobini mbovu yote. Inatosha kuichanganya na kitu kisichoshiriki katika nyuzi. Hemoglobini ya kijusi ndicho kitu hicho. Badala ya beta ina minyororo ya gama, na gama haina ile valini. Hata molekuli chotara, yenye beta mbovu moja na gama moja, hukataa kujiunga na nyuzi.

Tatizo ni kwamba baada ya kuzaliwa mwili huacha kutengeneza gama. Kwa mtu mzima hemoglobini ya kijusi hubaki chini ya asilimia 1 hivi. Lakini si kwa wote. Wapo watu ambao swichi hiyo haikuzimika, na wanaishi bila dalili yoyote. Wachache wao wamerithi pia jeni ya selimundu, na hao ndio walionivutia tangu nilipoanza kusomea damu: wana kiasi kama asilimia 20 hadi 30 ya hemoglobini ya kijusi, imesambaa katika chembe zote, na wengi wao hawaumwi. Wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia na wa sehemu za India pia huwa na kiwango cha juu kuliko wenzao wengi, na ugonjwa wao mara nyingi huwa mpole zaidi. Kwa maneno mengine, tiba tayari ilikuwa ikitembea barabarani kwa miguu yake. Kilichokosekana ni kujua nani anaizima gama.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna mtaalamu wa hemoglobini aliyekuwa akipatazama. Mwaka 2007 na 2008, vikundi vya utafiti vilivyolinganisha jenomu, yaani DNA yote, za watu wengi, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, viliona kwamba watu wenye hemoglobini nyingi ya kijusi wanashirikiana tofauti fulani kwenye kromosomu ya 2, ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Jeni za beta na gama ziko kwenye kromosomu ya 11. BCL11A yenyewe ilikuwa ikijulikana kwa saratani za chembe nyeupe, na hata jina lake limetoka huko. Mwaka huo huo wa 2008, Vijay Sankaran na Stuart Orkin mjini Boston wakathibitisha kwamba protini ya BCL11A ndiyo inayoikandamiza gama. Mwaka 2011 maabara ya Orkin ikaiondoa katika chembe nyekundu za panya wenye selimundu, na panya wakapata nafuu kubwa.

Mtu anaweza kudhani kazi imekwisha: iharibu BCL11A. Haiwezekani. Protini hiyo hiyo inahitajika katika ubongo unaokua, katika chembe nyeupe aina ya B, na katika seli shina za damu zenyewe, zile zinazozaa chembe zote za damu. Watoto wanaozaliwa na nakala moja mbovu ya BCL11A hupata matatizo ya ukuaji wa akili, pamoja na hemoglobini ya kijusi iliyopanda.

Nikiulizwa ni ugunduzi gani hasa ulioifanya tiba hii iwezekane, sitaji CRISPR kwanza. Nataja makala ya mwaka 2013 ya Daniel Bauer, Orkin na wenzao. Waligundua kwamba tofauti zile za Sardinia na kwingineko hazimo katika sehemu ya jeni inayotengeneza protini. Zimo katika kipande cha pembeni, kiitwacho enhansa, ambacho kazi yake ni kuongeza utendaji wa BCL11A katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, na huko tu. Ukikiharibu kipande hicho, ni kama kuzima taa ya chumba kimoja bila kukata umeme wa nyumba nzima. Mwaka 2015 kundi hilo hilo likatumia CRISPR kukata kipande hicho hatua kwa hatua, herufi karibu na herufi, hadi likapata sehemu finyu ambayo ikivurugwa tu, amri yote inavunjika. Ni mahali ambapo protini iitwayo GATA1 hujishikiza.

Dawa iliyoidhinishwa inakata hapo. Kimeng'enya cha Cas9, ambacho ndicho mkasi wa CRISPR, kikishaikata DNA, seli hukimbilia kuiunga, na katika kuunga huko hukosea: huongeza herufi, hupoteza herufi. GATA1 hapati tena pa kujishikiza. Tiba nzima inategemea uzembe wa fundi wa ndani ya seli, na mimi huipenda kwa sababu hiyo. Haiombi usahihi. Inaomba uharibifu mdogo mahali sahihi.

Kwa nini basi wasingesahihisha herufi yenyewe? Wapo wanaojaribu. Kusahihisha kunahitaji kuipa seli nakala sahihi ya kuiga, na seli shina za damu ni wavivu wa kuiga. Ukikata jeni ya beta na usahihishaji ukashindwa, unaweza kubaki na jeni isiyotengeneza beta kabisa, yaani umeondoa selimundu ukaleta talasemia, ugonjwa mwingine wa damu. Njia mpya ya kuhariri herufi moja bila kukata DNA pande zote mbili nayo ina kikwazo cha kikemia: aina zake za kawaida haziwezi kuirudisha herufi ya selimundu kuwa ile ya asili. Maabara ya mkemia David Liu ilipita kando. Mwaka 2021 ilionyesha katika panya kwamba herufi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa nyingine, inayotoa hemoglobini iitwayo Makassar, ambayo watu wachache wanayo kiasili na haiwadhuru. Ni kazi safi, ila ilikuja wakati njia ya gama ilikuwa tayari imeingia kwa binadamu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 ni ya wagonjwa wa miaka 12 hadi 35, wote wakiwa na historia ya angalau vipindi viwili vya maumivu makali kila mwaka kwa miaka miwili kabla ya tiba. Kati ya 30 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kipindi hata kimoja. Wote 30 walipitisha angalau mwaka bila kulazwa kwa sababu hiyo. Hemoglobini ya kijusi ilifika karibu asilimia 40 ya hemoglobini yote. Ni idadi ndogo ya watu, lakini katika ugonjwa huu takwimu za namna hiyo ni nadra.

Sasa upande ambao picha za matangazo haziuonyeshi. Seli shina huvutwa kutoka kwenye uboho hadi kwenye damu kwa dawa, zinakusanywa kwa mashine, mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja, kisha zinapelekwa kuhaririwa maabara na hukaa huko miezi. Zikiwa tayari, mgonjwa hupewa busulfani, tibakemikali inayoufuta uboho wa zamani ili seli mpya zipate nafasi. Nywele hudondoka, kinywa huota vidonda, kinga huporomoka, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea moja kwa moja. Mwaka 2024 mgonjwa mmoja katika jaribio la tiba nyingine ya aina hii alifariki kwa kushindwa kupumua, na mchunguzi akakihusisha kifo hicho na busulfani, si na uhariri. Figo au nyonga zilizokwishaharibika hazirudi zilivyokuwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2.

Linganisha na hili: mwaka 2021 inakadiriwa watoto 515,000 walizaliwa na selimundu duniani, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Hakuna hesabu inayozikutanisha namba hizo mbili. Ndiyo maana nasikitika haidroksiurea inapozungumzwa kama dawa ya kizamani. Ni kidonge, nacho pia hupandisha hemoglobini ya kijusi. Jaribio la REACH, lililofanywa Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa mwaka 2019, liliwapa dawa hiyo watoto zaidi ya 600. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa wagonjwa, na vipindi vya maumivu vikapungua zaidi ya nusu. Malaria nayo ilipungua kwa takriban nusu, jambo ambalo wengi walihofia lingekwenda kinyume.

Udhaifu wa haidroksiurea uko kwenye mgawanyo. Huenda kipimo kikaonyesha asilimia 20 ya hemoglobini ya kijusi, lakini ni wastani. Inawezekana chembe fulani zimejaa na nyingine hazina kitu, na zile zisizo na kitu zitakwama kwenye sekunde yao kama zamani. Uhariri wa enhansa hufanya karibu kila chembe ipate fungu lake.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye vidonge vipya kuliko kwenye mashine mpya za kuhariri. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis walichapisha katika jarida la Science molekuli ndogo inayoifanya seli iivunje protini iitwayo WIZ, mkandamizaji mwingine wa gama ambaye hapo awali hakuna aliyemfikiria. Katika panya na nyani, hemoglobini ya kijusi ilipanda. Upande mwingine kuna wanaotaka kuhariri seli shina zikiwa ndani ya mwili, bila busulfani. Mwaka 2025 mtoto mchanga mjini Philadelphia alitibiwa ugonjwa nadra wa ini kwa uhariri wa ndani kwa ndani, lakini ini ni kiungo kirahisi: chembechembe za mafuta zinazobeba dawa huenda huko zenyewe zikidungwa kwenye damu. Kuzifikisha kwenye uboho ni ngumu zaidi.

Habari ya kidonge cha namna hiyo ikitoka kwa binadamu, vichwa vya habari vitataja asilimia ya hemoglobini ya kijusi. Tafuta namba ya pili, ambayo kwa kawaida hufichwa katika jedwali la nyuma: ni chembe ngapi kati ya 100 zilizobeba hemoglobini hiyo. Kisha angalia kama ilikaa hapo juu baada ya mwaka.