Je, wajua kwa nini waya wa tairi kuukuu hutiwa kwenye zege?

Tairi likishaota kipara, kilichokwisha ni mpira. Chuma cha ndani bado kizima, tena ni chuma bora kuliko wengi wanavyodhani: waya mwembamba, aghalabu wa milimita 0.2 hivi, unaohimili mvutano wa zaidi ya megapaskali 2,000 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo). Nondo ya kawaida huanza kulegea kwenye megapaskali 500 hivi.

Zege, kwa upande wake, linajua kubeba lakini halijui kuvutwa. Uwezo wake wa kuhimili mvutano ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa kuhimili mgandamizo. Hata kabla ya kubebeshwa mzigo, husinyaa likikauka na kupata nyufa.

Wengi hudhani nyuzi za chuma, kama vipande vya waya huu, huzuia ufa usitokee. Ufa hutokea, na hapo ndipo kazi yao inapoanza. Kila uzi unaokatiza ufa umeng'ang'ania zege pande zote mbili. Ufa hauwezi kupanuka bila kuung'oa, na kuung'oa kunataka nguvu nyingi. Ndiyo kazi ya majani makavu kwenye udongo wa kukandikia nyumba. Zege tupu hukatika ghafla, lakini lenye nyuzi huendelea kubeba huku limepasuka. Waya wa tairi, kwa wembamba wake, hushika nyufa zikiwa bado changa. Nyuzi nene za kiwandani, zenye ncha zilizopindwa, hufaa zaidi ufa ukishapanuka, kwa hiyo aina hizo mbili huweza kuchanganywa.

Ugumu uko kwenye kuupata. Kuchoma tairi ni njia mbaya, achilia mbali moshi wake, kwa sababu moto mkali hulainisha waya na kuupotezea nguvu. Tairi husagwa, kisha sumaku huokota chuma. Hata hivyo waya hutoka umesokotana, una vipande vya mpira, na urefu wake haulingani; ukitiwa hivyo kwenye mashine ya kuchanganyia, huwa madonge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya nyuzi hizi. Ulaya ilikuwa na haraka: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kufukia tairi nzima kuanzia 2003, na zilizokatwakatwa kuanzia 2006.

Nyuzi hizi hufaa kwenye sakafu za maghala na barabara za zege. Boriti ya ghorofa bado inadai nondo zake, kwani nyuzi hulala ovyo, ilhali nondo hupangwa pale penye mvutano. Nyuzi zilizo juu kabisa huota kutu na kuacha vidoa vya kahawia, ambavyo kwa kawaida huudhi macho tu.