Je, wajua hoja inaweza kuungwa mkono na wajumbe wanane kati ya kumi na bado ikaanguka?

Septemba 2021, mjini Brighton, chama cha Labour cha Uingereza kilipigia kura hoja ya kubadili namna wabunge wanavyochaguliwa. Kwa sasa jimbo huchukuliwa na mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama wengi hawakumtaka. Hoja ilidai uwakilishi wa uwiano: chama kikipata asilimia 30 ya kura, kipate viti vinavyokaribia asilimia 30. Kati ya wajumbe waliotoka majimboni, asilimia 79.5 walisema ndiyo. Hoja ikaanguka.

Mwaka uliofuata, Liverpool, madai yaleyale yakapita kwa kunyoosha mikono. Mwaka mmoja tu, chama kilekile, kiongozi yuleyule, Keir Starmer. Kulikoni?

Chukua kalamu. Kwenye mkutano mkuu wa Labour kura zina mafungu mawili yenye uzito sawa. Nusu ni ya wajumbe wa majimbo, yaani wa matawi ya chama ya kila jimbo. Nusu ya pili ni ya mashirika yaliyojiunga na chama, na wenye sauti kubwa humo ni vyama vya wafanyakazi: Unite, Unison, GMB na wenzao. Kule Brighton fungu hili la pili lilikataa kwa asilimia 95. Sasa piga hesabu: nusu ya 79.5 ni karibu 40, nusu ya 5 ni mbili na ushee. Jumla, asilimia 42. Waliopiga makofi ukumbini walikuwa wengi, ila makofi hayana uzito kwenye hesabu hiyo.

Kosa ambalo wanaharakati wengi hulifanya ni kudhani mjumbe wa chama cha wafanyakazi anaweza kushawishiwa pale pale, kwa hotuba kali au kwa chai ya mapumziko. Hawezi. Amekuja na msimamo mfukoni, uliopitishwa na mkutano wa chama chake mwenyewe, na kazi yake ni kuupigia kura. Ukitaka kuubadili msimamo huo, huna budi kwenda kuupinga nyumbani kwake: kwenye tawi la wafanyakazi, kwenye vikao ambavyo aghalabu huhudhuriwa na watu wachache, kisha upande nao ngazi hadi mkutano wa taifa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya kipigo cha Brighton, mkutano wa Unite uliunga mkono uwakilishi wa uwiano. Juni 2022 Unison wakafuata. Kwa hiyo mikono ilipoinuka Liverpool mwezi Septemba, shughuli yenyewe ilikuwa imekwisha zamani.

Upande wa majimbo nao una vikwazo vyake. Jimbo moja hupeleka hoja moja kwa mwaka, isiyozidi maneno 250. Fikiria kikao cha jimbo jioni: mmoja anataka hoja ya nyumba, mwingine ya hospitali, mwingine ya mishahara, nawe unasimama kuzungumzia hesabu za kura. Lazima uwe na ushawishi! Ukishinda hapo, bado kuna kura ya vipaumbele inayoamua mada zipi zijadiliwe mkutanoni. Ukipenya na hapo, wajumbe wa majimbo yote yaliyoleta mada hiyo hukutanishwa chumbani wazifinyange hoja zao ziwe andiko moja. Neno moja huweza kuwakalisha watu kwa saa nzima.

Hapo ndipo kundi la Labour for a New Democracy, lililoanzishwa mwaka 2020, lilipoonyesha ujanja. Liliyaandikia majimbo mfano wa hoja, ili maandishi yafike mkutanoni yakiwa yanafanana na yasiwe na mengi ya kugombewa. Tena andiko la Liverpool halikutaja mfumo upi wa uwiano utumike. Lilisema uamuliwe baadaye kwa mchakato wa wazi. Wapenda mageuzi wenyewe hawakubaliani: wapo wanaotaka mpiga kura achague orodha ya wagombea wa chama, wapo wanaotaka kupanga wagombea kwa namba kama Ireland. Ungetaja mmoja, ungewapoteza wa mwingine. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa la busara kuliko yote.

Basi, hoja imepita. Imeingia kwenye ilani? Hapana. Kwa katiba ya Labour, jambo huingia kwenye programu ya chama likipata theluthi mbili ya kura zilizohesabiwa kwa kadi, si kwa kunyoosha mikono, na hata likiingia humo, kikao cha viongozi ndicho huchagua yapi yaandikwe kwenye ilani. Keir Starmer alikwisha kusema suala hili si kipaumbele chake. Ilani ya 2024 haikulibeba.

Kisha matokeo ya uchaguzi mkuu wa 2024 yakaja. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform UK, kwa asilimia 14.3, kiliambulia vitano. Msomaji wa Tanzania hesabu hizi hazimshangazi: majimbo yetu huamuliwa kwa utaratibu huohuo uliotoka kwa Waingereza, ingawa viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura. Sasa mwambie aliyepewa viti 411 na mfumo fulani kwamba mfumo huo ni mbovu.

Hata hivyo, tarehe 3 Desemba 2024 mbunge wa chama cha Liberal Democrats, Sarah Olney, aliomba ruhusa ya kuleta muswada wa uwakilishi wa uwiano. Bunge likampa, kura 138 kwa 136, na miongoni mwa waliosema ndiyo walikuwemo wabunge wa Labour. Serikali haikuutengea muswada huo muda wa kujadiliwa.