Sumaku haikuambii kama shafti itadumu baharini

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye mashua Lamu: shafti ya propela ikivutwa na sumaku ni stenlesi bandia, isipovutwa ni halisi. Si kweli.

Kinachozuia kutu ni kromiamu, angalau asilimia 10.5. Stenlesi ya 304 (namba kama hii hutaja aina ya stenlesi) kwa kawaida haivutwi na sumaku, lakini maji ya chumvi huitoboa vishimo vidogo, hasa ndani ya bushi (kipande kinachoishikilia shafti inapozunguka) ambako maji hutuama. Ile ya 2205 huvutwa, na hustahimili bahari kuliko 304. Tena 304 yenyewe ikinyooshwa kwa nguvu au kukunjwa ikiwa baridi huanza kushika sumaku kidogo.

Mkanganyo unaeleweka. Katika karakana za kifamilia, ambako ukerezaji hurithiwa toka babu hadi mjukuu, sumaku husaidia kutenga chuma cha kawaida na 304. Kazi yake huishia hapo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mtu atanunua 304 akiamini amepata ya baharini. Kabla ya kukereza, dai cheti cha kiwanda, kisha linganisha namba ya myeyuko (namba ya fungu la chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyo kwenye cheti na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa 316, aina ya stenlesi inayotumika baharini, molibdenamu (metali inayosaidia kuzuia vishimo) iwe asilimia 2 hadi 3 kwenye cheti.