Ghorofa halilali kwa sababu ya lenzi

Tangu enzi za filamu tunaambiwa: picha ya jengo refu ikitoka limelala chali, lenzi ni mbovu, kanunue ya bei. Si kweli.

Simama karibu na ghorofa lolote pale Nyerere Square, Dodoma, kisha inua simu hadi paa liingie. Kingo ambazo msanifu alizichora wima zinakaribiana kadiri zinavyopanda. Umeiinamisha kamera nyuma, na paa liko mbali nawe kuliko msingi, kwa hiyo linatoka jembamba. Lenzi ya mamilioni ingekupa picha ileile.

Sasa rudi ng'ambo ya barabara (angalia bodaboda!), shika simu wima kabisa, usiiinue. Kingo zinanyooka. Nusu ya chini itakuwa lami tupu, sawa, utaikata baadaye. Programu za simu nazo hunyoosha, ila hula pembeni mwa picha.

Wanaopiga majengo kwa kazi wana lenzi inayosogezwa juu huku kamera ikibaki wima; Nikon waliitoa ya milimita 35 miaka ya 1960. Hiyo kweli ni ghali, na kwa picha za harusi haikusaidii chochote.