Floti: ya wakala, ya droo, ya ofisi

"Sina floti" ni jibu linalosikika kila siku kwenye vibanda vya pesa za simu, na wateja wengi hulichukulia kuwa wakala hana pesa. Mara nyingi pesa anazo, tena droo imejaa. Kilichomwishia ni salio la kielektroniki kwenye laini yake ya uwakala, na salio hilo ndilo floti. Mteja anayetaka kutoa angehudumiwa papo hapo. Anayetaka kuweka ndiye anayeambiwa asubiri.

Wakala hupata floti kwa kupeleka fedha benki au kwa wakala mkuu, kisha laini yake huongezewa salio la kiasi kilekile. Nyuma yake, Tanzania na Kenya pia, kampuni inayoendesha huduma hutakiwa kuweka kwenye akaunti ya amana benki fedha halisi zinazolingana na salio lililomo kwenye simu za watu. Floti basi ni mtaji wa wakala mwenyewe uliobadili umbo. Si faida. Kama sehemu yake ni ya mkopo, sehemu hiyo ni deni hata kama inasomeka kwenye salio.

Hesabu yake ni moja: floti kujumlisha keshi ni mtaji, na jumla hiyo haibadiliki kwa muamala wowote wa kuweka au kutoa. Tuseme wakala ameanza asubuhi na floti 1,200,000 na keshi 800,000. Mteja akiweka 300,000, floti inashuka hadi 900,000 na keshi inapanda hadi 1,100,000. Mwingine akitoa 150,000, floti inarudi 1,050,000 na keshi inabaki 950,000. Jumla bado ni 2,000,000. Ada ya kutoa hukatwa kwenye akaunti ya mteja na haipiti kwenye droo. Kamisheni ikiingia kwenye laini, iandikwe kando siku hiyohiyo, la sivyo itaonekana kama mtaji umekua na mwenye kibanda ataila mara mbili.

Jumla ikipungua jioni, sababu huwa ni chache. Kuna muamala uliokwenda namba isiyo yake, noti zilizohesabiwa vibaya, au hela ya nauli na mboga iliyochukuliwa kwenye droo bila kuandikwa. Hii ya mwisho ndiyo inayoua vibanda vingi, kwa sababu kila siku ni kidogo. Kuna pia ujumbe bandia unaodai mteja ameshatoa pesa. Dawa yake ni kuangalia salio la laini kabla ya kufungua droo: floti isipopanda, hakuna muamala, hata ujumbe uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Kazi ngumu si hesabu, ni kujua umbo lipi litaisha kwanza. Kibanda cha karibu na soko hupokea wafanyabiashara wanaoweka mauzo jioni, kwa hiyo floti ndiyo hukatika. Kijijini, ambako wengi hupokea pesa kutoka mjini, watu hutoa, na keshi ndiyo hukatika huku floti ikijaa bila kazi. Mwisho wa mwezi hata kibanda cha mjini hugeuka kuwa cha kutoa. Anayehudumia mitandao mitatu au minne ana tatizo la ziada: 2,000,000 zikigawanywa kwenye laini nne, kila laini inakuwa nyembamba, na mteja mmoja mkubwa anaimaliza. Afadhali laini mbili zenye nguvu. Wakala jirani mwenye tatizo la kinyume ndiye msaada wa haraka. Mpe keshi akurushie floti kwa njia iliyoruhusiwa na mtandao wenu, na salio lisome kwanza kabla pesa haijaondoka mkononi.

Madukani, floti ni pesa ya chenji inayowekwa kwenye droo kabla ya kufungua. Kwa duka la kawaida Tanzania, 30,000 zinaweza kupangwa hivi: noti 2 za 5,000, noti 4 za 2,000, noti 7 za 1,000, sarafu 6 za 500, sarafu 5 za 200 na sarafu 10 za 100. Noti ya 10,000 haina kazi humo, maana hakuna anayerudishiwa chenji kwa noti hiyo isipokuwa mara chache. Wakati wa kufunga, floti hutolewa kwanza ndipo mauzo yahesabiwe. Droo ikiwa na 215,000, mauzo ya keshi ni 185,000. Kama risiti zinasema 188,000, pungufu ni 3,000, na muuzaji aliyesahau kutoa floti angedhani ana ziada ya 27,000.

Ofisini, floti ni kiasi maalumu cha matumizi madogo kama chai, bahasha na nauli ya mjumbe. Kikiwa 200,000, basi wakati wowote risiti kujumlisha keshi iliyobaki lazima zifike 200,000. Zikitumika 140,000, mtunzaji huomba 140,000 na kuambatanisha risiti. Akiomba 200,000 nzima, kiwango kimeshavurugika.

Kwenye bima maana husogea kidogo. Wateja hulipa kwanza, fidia hulipwa baadaye, na pesa inayokaa katikati huitwa floti ingawa sehemu yake kubwa itarudi kwa wateja. Mwekezaji wa Marekani Warren Buffett aliijenga kampuni yake, Berkshire Hathaway, kwa kuwekeza pesa za namna hii tangu iliponunua kampuni ya bima ya National Indemnity mwaka 1967. Njia hiyo inalipa pale tu ada za bima zinapofikia fidia na gharama, au zinapopungua kidogo sana. Zikipungua sana, kampuni inakuwa imekopa kwa riba kubwa bila kujua.