Jaji Constance Baker Motley na ombi la kumtaka ajitoe kwenye kesi

Sisi mawakili tunapomwomba jaji ajitoe kwenye kesi, huwa tuna sababu ya kuonyesha: ana hisa katika kampuni inayodaiwa, ni ndugu wa mdai, au ameshatoa maoni hadharani kuhusu shauri lenyewe. Ombi lililopelekwa mbele ya Constance Baker Motley, New York, mwaka 1975, lilikuwa la aina nyingine kabisa. Wakili mmoja mwanamke alikuwa ameishtaki kampuni kubwa ya mawakili, Sullivan & Cromwell, akidai inawabagua wanawake katika ajira. Wadaiwa wakataka jaji ajitoe, kwa hoja kwamba ni mwanamke, ni mweusi, na kabla ya ujaji alikuwa akiwatetea waliobaguliwa.

Alikataa. Akasema kila jaji ana jinsia na rangi yake, na wengi waliwahi kuwatetea watu wa upande fulani. Kama hayo peke yake yangetosha kumwondoa mtu, hakuna jaji hata mmoja katika mahakama ile ambaye angeweza kusikiliza kesi hiyo. Kwangu mimi uzito wa jibu hilo uko hapa: hakujaribu kuficha alikotoka. Aliwakumbusha tu kwamba majaji wanaume weupe nao wana walikotoka.

Na yeye alitoka mbali. Alizaliwa mwaka 1921 mjini New Haven, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa cha Karibi. Pesa za chuo hazikuwepo, mpaka mfanyabiashara mmoja, Clarence Blakeslee, alipomsikia akizungumza kwenye mkutano akajitolea kumlipia. Mwaka 1945 alijiunga na mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, chini ya wakili wao mkuu, Thurgood Marshall, na ndiye aliyeandaa hati ya madai ya mwanzo katika Brown v. Board of Education, kesi iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwaka 1962 alishinda kesi iliyomwingiza James Meredith, mwanafunzi mweusi, Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha weupe. Rais Johnson alipompendekeza kuwa jaji mwaka 1966, seneta wa jimbo hilohilo, James Eastland, alimchelewesha kwa miezi. Hata hivyo akathibitishwa, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani.

Alipokuwa wakili alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mara 10, akashinda kesi 9. Ile moja aliyoshindwa ndiyo ninayoirudia zaidi. Katika Swain v. Alabama, mwendesha mashtaka aliwakataa weusi wote 6 waliobaki kwenye orodha ya raia wa kuamua kesi ya kijana mweusi, naye akahukumiwa kifo. Sheria iliruhusu kukataa bila kutoa sababu. Mwaka 1965 Mahakama ilimtaka mshtakiwa athibitishe kwamba mchezo huo umekuwa ukifanyika kesi baada ya kesi, mzigo ambao karibu hakuna aliyeweza kuubeba. Mwaka 1986, katika Batson v. Kentucky, Mahakama hiyohiyo iliuondoa: ushahidi wa kesi moja ukatosha kumlazimisha mwendesha mashtaka ajieleze. Motley alikuwa bado jaji.